Miaka Kumi Njiani Kuifuata Nyotamkia

Leo tutazungumza juu ya nyotamkia, na hasa namna binadamu walivyotuma vyombo kwenda kuzichunguza huko huko ziliko.

Huenda umewahi kuiona moja. Oktoba 2024 ilitokea ile iitwayo Tsuchinshan-ATLAS, upande wa magharibi, muda mfupi baada ya jua kutua. Wenye umri wao wataikumbuka Hale-Bopp ya mwaka 1997, na waliowatangulia wataikumbuka Halley ya mwaka 1986. Naomba tusiichanganye na kimondo. Kimondo ni ule mstari wa mwanga unaopita kwa sekunde moja mbili ukatoweka, na jiwe lake likifika chini hubaki tukaligusa kwa mikono, kama lile la Mbozi, mkoani Songwe. Nyotamkia hukaa angani wiki kadhaa, pengine miezi, ikisogea taratibu kati ya nyota usiku hadi usiku.

Zamani, katika nchi nyingi, watu walipoiona waliuliza: inaleta nini? Vita? Njaa? Kifo cha mfalme? Siku hizi tunauliza: imebeba nini ndani yake? Na swali hilo, msikilizaji, huwezi kulijibu ukiwa umesimama huku chini.

Kwa nini huwezi? Sikiliza. Kile kinachong'aa si nyotamkia yenyewe. Nyotamkia yenyewe, yaani kiini chake, ni bonge la barafu na vumbi lenye upana wa kilomita chache tu. Likiwa mbali na Jua linakaa gizani, limeganda, halina mkia wala chochote. Likisogelea Jua, barafu inapata joto na kugeuka gesi moja kwa moja, bila kuwa maji kwanza. Gesi inachomoka na vumbi lake, inatanda pande zote ikawa ukungu mpana kuliko Dunia yetu, kisha mwanga na upepo wa Jua vinausukuma nyuma ukawa mkia wa mamilioni ya kilomita. Sisi tunaona ukungu na mkia. Kiini kimejificha humo ndani, na ukikielekezea darubini kutoka duniani unapata nukta tu.

Na kiini ndicho tunachokitafuta. Ni mabaki ya vitu vilivyojenga sayari, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Dunia nayo ilijengwa kwa vitu vya namna hiyo, ila Dunia imeyeyuka, imepoa, imepasuliwa na volkano, imeoshwa na mvua na bahari, hata mawe yake ya mwanzo hayapo tena. Nyotamkia zilibaki mbali kwenye baridi kali, hazikuguswa sana. Anayetaka kujua tulitokana na nini hana budi kuzifuata.

Sasa tuanze safari. Mwaka 1986 Halley ilipokaribia Jua, ilipokewa na vyombo kadhaa kwa mpigo: Vega 1 na Vega 2 vya Muungano wa Kisovieti, Sakigake na Suisei vya Japani, na Giotto cha Shirika la Anga la Ulaya. Vega zilitangulia, na vipimo vyao vikawasaidia Wazungu wa Giotto kukielekeza chombo chao karibu zaidi. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Machi, Giotto ilipita umbali wa kilomita 600 hivi kutoka kwenye kiini. Unajua ilipita kwa kasi gani? Kilomita 68 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Nairobi ukafika Mombasa kwa sekunde 7.

Kwa kasi hiyo hata punje ya vumbi ni risasi. Giotto ilikuwa na ngao ya tabaka mbili mbele yake, lakini sekunde chache kabla ya kufika mahali pa karibu kabisa punje ikaigonga, chombo kikayumba, mawasiliano yakawa ya kukatikakatika, na kamera yake haikuona tena. Hata hivyo picha zilikuwa zimekwishafika. Na zilionyesha nini? Waliotarajia barafu nyeupe walikuta bonge lenye urefu wa kilomita 15 hivi, jeusi kuliko makaa, linalorudisha asilimia 4 tu ya mwanga unaolipiga, na gesi inaruka kutoka sehemu chache za upande ulioelekea Jua.

Ni kazi kubwa sana ile. Lakini ukipita mbele ya nyumba ya mtu ukiwa ndani ya basi liendalo kasi, utaona rangi ya mlango, pengine na mtu amekaa barazani. Hutajua wanakula nini, wala nani mgonjwa, wala mvua ikinyesha paa linavuja wapi. Kupita ni jambo moja, kukaa ni jambo jingine. Nishikie hilo, msikilizaji, maana ndilo nitakalorudia leo.

Vyombo vilivyofuata navyo vilipita, ila kwa ujanja zaidi. Stardust ya Marekani, Januari 2004, ilipita ndani ya vumbi la nyotamkia Wild 2 huku imenyoosha mtego wenye kitu chepesi mno kiitwacho aerojeli, kinachonasa punje bila kuzisaga. Januari 2006 kapsuli yake ikashuka kwa parachuti katika jangwa la Utah, na wanasayansi wakaushika mchanga wa nyotamkia mikononi. Ndani yake walikuta madini yanayozaliwa kwenye moto mkali, karibu na Jua. Yalifikaje kwenye barafu? Ina maana enzi zile za mwanzo vitu vilichanganyika sana, vya karibu na Jua vikasukumwa hadi mbali. Kisha tarehe 4 Julai 2005 Deep Impact, nayo ya Marekani, iliigonga nyotamkia Tempel 1 kwa makusudi kwa kipande cha kilo 370 hivi ili kuona kilicho chini ya ngozi. Likafumuka vumbi laini jingi kiasi kwamba chombo chenyewe hakikuliona shimo kililolichimba! Ilibidi Stardust, iliyokuwa bado inaranda huko, iende kuitazama Tempel 1 mwaka 2011.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye Rosetta, maana hiyo haikupita. Hiyo ilikaa.

Rosetta ni chombo cha Shirika la Anga la Ulaya. Kilikusudiwa kurushwa mapema mwaka 2003 kuifuata nyotamkia Wirtanen. Desemba 2002 roketi nyingine ya aina ile ile, Ariane 5, ilishindwa angani, safari ikasimamishwa, na Wirtanen hiyo ikaondoka zake, kwani nyotamkia haimsubiri mtu. Wakatafuta nyingine. Wakaipata ile iliyogunduliwa mwaka 1969 na wanaastronomia wawili, Klim Churyumov na Svetlana Gerasimenko. Gerasimenko alipiga picha akiwa Almaty, Churyumov akazichunguza Kyiv akidhani anaiangalia nyotamkia nyingine, kumbe ni mpya. Kwa hiyo ikaitwa Churyumov-Gerasimenko. Ni jina refu, na leo tutaiita 67P kama wenyewe wanavyoiita.

Tarehe 2 Machi 2004 Rosetta ikaruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Ilifika lini? Agosti 2014. Miaka 10, msikilizaji. Kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu ukitaka kupita, unalenga tu mahali nyotamkia itakapokuwa ukaivukia. Ukitaka kukaa nayo, lazima uende njia yake na mwendo wake. Na hakukuwa na roketi ya kuipa Rosetta mwendo huo mara moja. Ilibidi iuazime kwa sayari: ikapita karibu na Dunia mwaka 2005, 2007 na 2009, na karibu na Mirihi mwaka 2007, na kila sayari ikaisaidia kuigeuza njia yake. Hadi inafika ilikuwa imesafiri zaidi ya kilomita bilioni 6.

Njiani palikuwa na kipande kigumu. Rosetta ilitegemea paneli za sola, na njia yake iliipeleka mbali hadi karibu na mzingo wa Mshtarii, ambako mwanga wa Jua ni takriban asilimia 4 ya ule unaotufikia sisi. Umeme haukutosha. Kwa hiyo Juni 2011 wakakizima karibu chote, wakaacha saa, vipasha joto na vichache vya lazima. Miaka miwili na nusu hakuna aliyesikia chochote. Saa ile ilitegwa iamshe chombo tarehe 20 Januari 2014. Huko Darmstadt, Ujerumani, kwenye chumba cha waongozaji, watu walisimama wakitazama skrini yenye mstari wa kijani ulionyooka. Ishara ilitarajiwa kati ya saa 2:30 na saa 3:30 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Saa 3 ikapita, kimya. Saa 3:18, katikati ya ule mstari, ukainuka mwiba mmoja. Watu wazima, wahandisi wenye mvi, wakarukaruka na kukumbatiana. Wengine walikuwa wameanza kazi hiyo vijana.

Agosti 2014 ikafika. Na hebu fikiria mshangao wao: walichokuta hakikuwa bonge la duara. Kilikuwa na sehemu mbili, ndogo na kubwa, zimeunganishwa na shingo, hata watu wakawa wanaifananisha na bata. Baadaye tabaka zake zilipopimwa ikajulikana kuwa zilikuwa nyotamkia mbili zilizogongana polepole zamani mno, zikashikana. Je, mpita njia angelijua hilo? Picha ya bata angeipata. Hadithi ya ndugu wawili walioshikana ilihitaji mgeni wa kukaa na kupima pande zote.

Tarehe 12 Novemba 2014 Rosetta ikakiachia kichombo kidogo, Philae, kitue juu ya 67P. Kabla ya hapo hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kutua kwenye nyotamkia. Philae ilikuwa na kilo 100 hivi, sawa na mifuko miwili ya simenti, lakini juu ya 67P, ambako mvutano ni hafifu sana, uzito wake ulikuwa kama wa gramu moja huku kwetu. Shida, basi, haikuwa kuanguka kwa kishindo. Shida ilikuwa kubaki chini. Kwa hiyo walikiwekea vyusa viwili vya kujifunga ardhini, skrubu kwenye miguu, na kifaa cha gesi juu yake cha kukisukuma chini. Kifaa cha gesi kilikataa. Kikashuka hivyo hivyo kwa saa 7, mwendo wa mtu anayetembea. Saa 1 na dakika chache jioni yetu ikaja habari: kimegusa! Wakashangilia. Kumbe vyusa havikufyatuka. Philae ikaruka juu tena, ikaelea karibu saa mbili, ikagusa, ikaruka tena, mwishowe ikatulia zaidi ya kilomita moja kutoka mahali palipokusudiwa, chini ya genge, kivulini, mguu mmoja hewani. Ilikuwa inapata jua kwa saa moja na nusu hivi katika kila saa 12.

Betri ilikuwa na saa 60 hivi. Fikiria wewe ndiye mwongozaji: kichombo kimelala ubavu, hujui kiko wapi, na una saa 60. Ungefanya nini? Walikifanyisha karibu kila kazi iliyopangwa, kwa mpangilio, usiku na mchana, hata nyundo yake ikagonga ardhi ikakuta ugumu ambao haikuweza kuupenya. Kilinusa na kukuta kemikali za kaboni. Walipoona umeme unakwisha wakakigeuza kidogo, paneli yake kubwa zaidi ielekee mwanga. Kikalala tarehe 15 Novemba. Wako wanaosema Philae ilishindwa. Mimi sikubali. Kuokoa kazi hiyo yote katika siku tatu, ukiwa umbali wa kilomita zaidi ya milioni 500, ujumbe ukichukua karibu nusu saa kufika na nusu saa nyingine kurudi, ni ustadi ninaouheshimu kwa moyo wote.

Na Rosetta ikabaki. Ilizunguka na 67P hadi ilipolikaribia Jua kabisa, Agosti 2015, na kurudi. Miaka miwili na zaidi. Iliona maporomoko ya magenge, iliona mipasuko inatanuka, iliona sehemu zilizokuwa kimya zikianza kutoa gesi Jua lilipozifikia. Na haikuwa raha. Machi 2015 ilikaribia hadi kilomita 14, vumbi likawa jingi mno. Chombo hujua kilivyoelekea kwa kutazama nyota, na punje za vumbi zilizong'aa zikaonekana kama nyota. Kikapotea mwelekeo, kikajizima vitu vingi kwa usalama. Ikabidi wakisogeze mbali.

Sasa, kwa kukaa huko, tumejua nini? Chombo cha Rosetta cha kunusa gesi, kilichoongozwa na Profesa Kathrin Altwegg wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, kilikuta salfa ya yai viza, kikakuta amonia, ile harufu ya choo cha mkojo, kikakuta fomaldehidi na sianidi. Kikakuta oksijeni, jambo lililowaduwaza wengi. Na mwaka 2016 wakatangaza wamekuta glisini, moja ya amino asidi zinazounda protini za mwili wako na wangu, pamoja na fosforasi, ambayo imo ndani ya DNA. Si uhai, tuelewane. Ni vifaa tu vya ujenzi. Lakini vifaa hivyo vilikuwepo, vimegandishwa, kabla Dunia haijawa na bahari.

Na maji je? Wengi walidhani bahari zetu zililetwa na nyotamkia. Maji yana aina nzito na aina nyepesi ya haidrojeni, na uwiano wake ni alama ya asili yake. Rosetta ilipopima ukungu wa 67P, uwiano wa haidrojeni nzito ulitoka mara 3 ya bahari zetu. Magazeti yakaandika: basi, maji yetu hayakutoka huko. Lakini data zilihifadhiwa. Mwaka 2024 wanasayansi walizirudia zote wakaona kuwa vumbi lililo karibu na kiini lilikuwa linaupandisha uwiano huo, na ukipima mbali na vumbi, maji ya 67P yanayakaribia zaidi maji yetu. Mjadala haujaisha. Ila ona: wameweza kuurudia kwa sababu walikuwa na vipimo vya miezi na miezi, vya karibu na vya mbali. Chombo cha kupita kingeacha kipimo cha siku moja.

Philae nayo? Ilitafutwa karibu miaka miwili. Tarehe 2 Septemba 2016, Rosetta ikiwa kilomita 2.7 tu kutoka ardhini, ilipiga picha ya genge. Cecilia Tubiana wa timu ya kamera ndiye aliyeiona kwanza picha ilipofika: kisanduku cheupe kimebanwa kwenye ufa, mguu mmoja juu. Ukiijua mahali ilipo, vipimo vyake vyote vinapata maana. Laurence O'Rourke na wenzake wakaendelea hadi wakapata mahali ilipogusa mara ya pili, ambapo ilikuwa imekwaruza na kubonyeza barafu ya ndani. Mwaka 2020 wakatangaza: barafu hiyo, ya mabilioni ya miaka, ni laini kuliko povu. Ardhi iliyoikataa nyundo ilikuwa hapo hapo jirani.

Tarehe 30 Septemba 2016, 67P ikirudi mbali na Jua na umeme ukipungua, waliishusha Rosetta yenyewe polepole juu ya nyotamkia, ikipiga picha na kunusa hadi mwisho. Saa 8:19 mchana wetu ishara ikakatika.

Sasa utaniuliza: kinachofuata ni nini? Mashirika ya anga ya Ulaya na Japani yanaandaa Comet Interceptor, inayopangwa kurushwa karibu na mwisho wa muongo huu. Itakwenda kusubiri kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, bila kujua inamsubiri nani, hadi darubini zione nyotamkia inayokuja karibu na Jua kwa mara ya kwanza kabisa. 67P imekwishazunguka mara nyingi, imeungua ngozi. Hiyo mpya itakuwa haijaguswa. Kusema kweli, chombo hiki kitapita tu, hakitakaa, kwa kuwa wageni wa namna hiyo huja kwa kasi mno. Kwa hiyo kitagawanyika kuwa vyombo vitatu, vitazame pande tatu kwa wakati mmoja.

Nawe usingoje hadi wakati huo. Vumbi la Halley bado limetapakaa njiani, na Dunia hulipitia mara mbili kila mwaka: karibu na tarehe 5 na 6 Mei, na tena karibu na tarehe 21 na 22 Oktoba. Sisi tulio karibu na ikweta tuko mahali pazuri pa kuvitazama vimondo vyake mara zote mbili. Amka saa 10 alfajiri, toka nje mbali na taa, ngojea dakika 20 macho yazoee giza, tazama juu. Huhitaji darubini. Vimondo vingi utakavyoviona usiku huo ni punje zilizochomoka kwenye kiini kile kile Giotto ilichokipita mwaka 1986. Waamshe na watoto.